Docta wetu na simu ya mama mukwe

Leo ku radio ya hapa Kasongo nimeona mutu akivulia simu kofia.

Siku tatu nzima nilimufundisha Docta Saidi, mukubwa wa labo ya hospitali yetu, namna ya kujibu wanahabari. Sema polepole. Acha maneno ya kitabuni. Na zaidi ya yote, usiondoke mbele ya mikro.

Alianza vizuri sana. Alieleza namna ya kuchemusha maji ili kujikinga na kolera, mpaka miye nikavimba kichwa nyuma ya kioo cha studio.

Kisha wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Wa kwanza, mama mumoja wa Nyangwe.

"Docta, maji yakisha kuchemushwa, yakae siku ngapi ndani ya mutungi?"

Docta akashituka. Ile sauti ilikuwa ya mama mukwe wake.

Na kwetu, munajua, mutu hasemi na mama mukwe akiwa amekaa.

Akasimama, kiti kikakwaruza chini. Akavua kofia. Akarudi nyuma mpaka ku ukuta, macho chini, na akaanza kujibu kutokea kule.

Ku radio, sauti yake haifiki. Miye napiga kioo, yeye anazidi kuinama.

Ndipo mama mwenyewe akasema taratibu:

"Nimesikia kiti, baba. Heshima imefika. Sasa rudi ku mikro, watu wanangoja."

Akarudi. Akajibu vizuri kuliko siku zote tatu.

Kesho naenda Salamabila kufundisha wauguzi kujibu wanahabari. Nani iko na namba ya yule mama?