Ulinzi wa Mbuzi Unyambwa

Mwizi wetu wa mbuzi pale Unyambwa alikuwa na adabu zake: alitembea pekupeku na kuiba kimya kimya. Kisha Waingereza, kwa wema wao, wakatuletea gari la sinema, tukaonyeshwa majambazi wa Amerika. Tangu hapo akavaa kofia na viatu vinavyolia, akawa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, upande wa pili ameshikilia sigara asiyoiwasha. Asubuhi moja alimwendea mjane Luciana.

“Mama, nipe beberu mmoja, nitakulindia waliobaki.”

“Kwani nani atawaiba?”

Alihamisha sigara upande wa pili wa mdomo. “Mimi.”

“Haya, wapeleke malishoni.”

Jambazi wetu akavua viatu, akawaswaga. Jioni aliwarudisha wote, wameshiba, akauliza kama kesho aje mapema.