Kanu wa Darini

Tuliporudi Arua kutoka ukimbizini Zaire, nyumba tuliyopanga ilikuwa tayari na mkaaji. Alikuwa kanu, mnyama mwembamba kama paka aliyevutwa, mwenye madoa meusi na mkia mrefu wa mistari. Vita vilipowaondoa watu mjini, yeye alihamia darini, na maisha yake aliyapanga vizuri kuliko mimi. Mchana alilala juu ya sebule. Jua likizama aliteremka kwa mpapai, akala papai lililoiva, kisha akaenda kuwinda panya kwenye maghala ya sokoni. Choo chake kilikuwa pembe moja ya dari, hapo hapo kila siku, na chini ya pembe hiyo ndipo kilipokuwa kiti changu.

"Sogeza kiti," mke wangu aliniambia.

Lakini mimi ni mtu wa Koboko, mtoto wa askari. Nisogeze kiti kwa ajili ya mnyama wa kubebwa kwapani? Kweli, bunduki sijawahi kushika, na siku tuliyokimbilia mpakani Vurra niliwaacha nyuma hata wanawake wenye mizigo. Ila viatu vya baba vya jeshi nilikuwa navyo.

Ndipo mama jirani akaja na manyoya mkononi.

"Ile paka yako ya juu imekula kuku yangu."

"Mama, si yangu."

"Inalala kwako. Iko yako."

Jumamosi mchana nikavaa viatu vya baba, nikachukua gunia na fimbo, nikapanda darini. Nilimkuta amejikunja pembeni na watoto wawili. Hakukimbia. Alinitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyeingia ofisini bila kuitwa.

Mara nikasikia sauti chini. Wakwe zangu, tuliowatarajia jioni, walikuwa wamefika mapema, wamepata lori lililotoka Oraba. Baba mkwe akauliza niko wapi.

"Ametoka kidogo," mke wangu akajibu.

Nikaamua kutulia mpaka wahamie uani kula. Nikabana pumzi. Lakini kanu alidhani nimekuja kukaa. Akainua mgongo, akatoa mlio kama mafuta ya moto yakimwagiwa maji. Nikarudi nyuma, mguu ukakosa boriti.

Dari ilipasuka. Mguu mmoja ulining'inia sebuleni hadi paja, suruali imechanika, na kiatu cha baba kikaanguka katikati ya sinia la chai. Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Baba mkwe, askari mstaafu, alikiangalia kiatu, akauangalia mguu.

"Mukwe," akasema taratibu, "hii nyumba iko na mulango."

Walinivuta wakanishusha. Mke wangu alikimbilia uani, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

Jioni hiyo kanu alibeba wanawe kwa shingo, mmoja mmoja, akahamia duka bovu lililo mtaa wa pili. Jirani aliniletea mayai ya shukrani. Niliyala kwa fahari, mpaka panya walipogundua kwamba mlinzi kaondoka. Walianza na karanga zetu, wakamalizia na sabuni.

Nikaanza kuacha papai bivu ukutani, nikimbembeleza arudi. Ndege walilila. Siku moja nilimwona juu ya ukuta wa lile duka, anaota jua na wanawe. Nikamsalimia kwa heshima zote. Akapiga mwayo, akageukia upande wa pili.