Sahani Yenye Kidonda

Pamba iliyonyeshewa mvua ina harufu yake. Ni kama nguo ya mtoto mchanga iliyofuliwa ikasahauliwa ndani ya beseni, ukichanganya na vumbi, na ndani ya vumbi uchanganye panya. Nilipokuwa mdogo kabisa, Wabelgiji bado wapo, mama alikuwa akinibeba mgongoni mpaka ghala la pamba kule uwanda wa Ruzizi, karibu na Sange, ananiweka juu ya marundo, kisha yeye na wanawake wenzake wanakaa kuchambua majani na takataka. Nilikuwa nawashwa mwili mzima. Kulikuwa na msimamizi mmoja mwenye kofia ngumu, mtu wa huku huku kwetu, mweusi kama mimi, ambaye alikuwa akizamisha mkono ndani ya kikapu cha mtu mpaka chini kabisa, na mkono ukitoka na jani moja tu, anamwaga kikapu chote chini na kusema anza upya. Mbwa wake alikuwa anakula vizuri kuliko sisi. Nimeanza na huyo mbwa sijui kwa nini, maana si yeye niliyetaka kumsema. Mimi shule nilikaa madarasa mawili tu, mwalimu akasema kichwani nina mchanga, nikatoka, kwa hiyo ninapoandika ninatembea kama mbuzi asiyefungwa. Nilitaka kusema juu ya lori. Lori lilikuwa linakuja kuchukua ile pamba kuipeleka Usumbura, mji ambao siku hizi mnauita Bujumbura, na juu ya mzigo, amelala chali kama mfalme, alikuwa mjomba wangu Kashindi, msaidizi wa dereva, ndugu ya mama tumbo moja. Basi hapo ndipo muziki ulipoingia nyumbani kwetu.

Siku hizi vijana wananiuliza, babu, zamani mlikuwa mnajuaje kwamba kuna mwimbaji mpya? Wanauliza huku wanacheka, wanadhani tulikuwa tunasubiri ngoma ya kijiji tu. Sisi wa Mulongwe, kandokando ya mto, tulikuwa na mjomba Kashindi. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, sanduku lenye pembe iliyobonyea upande mmoja, aliyoipata kwa kubadilishana na vikapu vya ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu. Kule Usumbura kulikuwa na duka moja ambalo mwenyewe alikuwa anaweka sahani za muziki zipige mlangoni kutwa nzima ili kuita wateja. Mjomba hakujua kusoma hata herufi moja. Yale maandishi katikati ya sahani kwake yalikuwa sawa na mavi ya nzi. Lakini alikuwa na namna yake ya kuchagua, na sijaona mwingine mwenye namna hiyo mpaka leo. Alikuwa anakaa ng'ambo ya barabara, anaupa muziki mgongo wa sikio, anaangalia miguu ya wapagazi wanaopita na magunia ya mchele na chumvi. Alituambia mwenyewe: "Muntu asiye na mzigo anacheza wimbo wowote, huyo ni mujinga. Minye naangalia mwenye gunia. Kama gunia iko kichwani na mguu unabadilika wenyewe, hiyo sahani ninaibeba." Na kweli, hakuleta sahani mbaya. Labda moja, ya mzungu mmoja aliyekuwa analia, na hiyo alisema mpagazi aliyebadilisha mguu kumbe alikuwa amekanyaga mwiba.

Jumapili, baada ya ibada, watu walijaa uani kwetu. Sahani mpya ilipigwa mara ya kwanza watu wamekaa kimya, hakuna kukohoa. Mara ya pili unaruhusiwa kutikisa kichwa. Ya tatu ndiyo ya kusimama. Baadaye mwimbaji alipewa jina, kwa sababu jina lake la kweli hakuna aliyeweza kulisoma, na wale wachache waliosoma hawakuja, walikuwa wanaona ni mambo ya kunywa pombe. Tulikuwa na Mwenye Pua, aliyeimba kama ana mafua. Tulikuwa na Wawili, ambao hatukuwahi kujua kama ni ndugu au mtu na mkewe. Na juu ya wote tulikuwa na Bibi Rudi. Huyo mwanamke alikuwa na sauti ya maji yanayomwagika polepole kutoka kwenye mtungi. Aliimba Kilingala, na Kilingala kwetu kilikuwa lugha ya askari, wachache tu walikisikia vizuri, lakini mjomba alikuwa amejifunza barabarani, akatueleza kwamba mama huyu anamwita mume wake aliyekwenda mbali. Anasema zonga, yaani rudi.

Sasa hiyo sahani ilikuwa na kidonda. Hivyo ndivyo tulivyouita ule mkwaruzo. Sindano za chuma zilikuwa zimekwisha na mjomba alikuwa anatumia miiba migumu ya uwandani, anaichonga na kuichomeka, na sijui kama ni mwiba au ni kuku aliyeruka juu ya sanduku, lakini pale Bibi Rudi anapoanza kumwita mumewe sindano ilikwama, ikawa zonga, zonga, zonga, bila mwisho, mpaka mjomba auguse ule mkono wa sindano kwa kidole. Mara ya kwanza watu waligonganagongana. Mara ya pili Mama Feza, jirani yetu, mwanamke mnene aliyecheza kwa wepesi wa nyoya, akaanza kurudi nyuma, kila zonga hatua moja, na watu wote wakamfuata kinyumenyume, matako mbele, tunaweza kusema, mpaka wafike kwenye uzio wa matete. Hapo mjomba, ambaye alikuwa mchokozi, anawaacha wabanane kidogo ndiyo anagusa, na wote wanaruka mbele na kupiga kelele. Jamani! Hiyo ndiyo ilikuwa dansi ya Mulongwe. Watu walitoka mpaka Kalundu kuja kurudi nyuma kwetu. Kuna dereva mmoja alituletea sahani ile ile, nzima, inang'aa. Ikapigwa mwanzo hadi mwisho bila kukwama na watu wakasimama wanaangaliana. Mama Feza akasema, "Huyu si yeye. Ni mudogo wake." Ile nzima ikarudishwa.

Nawaambia haya yote ili mjue jambo moja: hakuna mtu pale uani, mkubwa wala mdogo, ambaye hakujua kwamba ile sahani ina kidonda. Mkilijua hilo mtaelewa kwa nini mimi, mzee nisiye na meno, bado nina hasira. Wananiambia yamepita. Yamepita wapi?

Uhuru ulikuja, tukacheza. Halafu ukaja ugomvi juu ya ugomvi, na mwishowe waasi wakashuka, vijana wa huku huku, wamefunga majani na ngozi kichwani, na askari wa serikali wakakimbia. Kuanzia hapo Kilingala kikawa lugha ya adui. Mtu akisalimia kwa Kilingala sokoni, ameshajichimbia kaburi. Mjomba hakuwa mjinga. Aliifunga gramafoni ndani ya gunia na kuiweka chini ya kitanda. Jumapili ikawa kama siku ya msiba. Na ni wao waliokuja kumsumbua, sikieni vizuri, ni wao. Mama Feza alikuja kila asubuhi na maneno: "Kashindi, weye umekuwa padri? Tutakufa na hii kimya." Baba yangu mwenyewe, shemeji yake, akamwambia, "Piga kidogo tu. Waasi wako kule juu, watasikia nini?" Mjomba akasema hapana. Wakamwita mwoga. Wakamwita mke wa nyumbani. Jumapili moja mchana akalitoa lile gunia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayelipia kitu ambacho hakununua.

Akaanza na Mwenye Pua, kwa sauti ya chini, ametia nguo ndani ya pembe. Watu wakasema, na Bibi Rudi? Akaweka Bibi Rudi. Ikafika kwenye kidonda. Zonga, zonga, na wote wakageuza migongo yao kwenye njia na kuanza kurudi, Mama Feza mbele, yaani nyuma, mnanielewa, na baba yangu pembeni yake. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na sanduku, kazi yangu ilikuwa kuzungusha, kwa hiyo mimi na mjomba tu ndio tuliokuwa tunatazama mlango wa uzio. Tukawaona wameingia. Vijana wanne au watano wenye bunduki na mikuki. Mjomba akaganda na kidole chake hewani. Na watu wetu wanaendelea tu kurudi, wamefumba macho kwa raha, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wa Mama Feza ukagonga kifua cha mwenye bunduki.

Sahani peke yake iliendelea, zonga, zonga, zonga. Kiongozi wao, kijana mwenye kofia ya manyoya, hakuwa na ndevu hata moja, akasikiliza kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hii ni lugha ya askari," akasema. "Inasema rudi. Nani munamwita arudi?"

Mjomba akajibu, "Mukubwa, hakuna muntu anaitwa. Sahani iko na kidonda. Sindano inakwama."

"Kidonda kinajua Kilingala?" Wenzake wakacheka. Akawageukia watu. Hakuwa na hasira wakati ule, hilo nalikumbuka vizuri, alikuwa anauliza kweli. "Nyinyi munacheza naye hapa. Iko kidonda ao hapana? Museme tu."

Hapo ndipo pa kusema! Neno moja. Watu wote wale, waliorudi nyuma na kidonda hicho tangu kabla ya uhuru, waliokataa sahani nzima kwa ajili yake. Mama Feza akavuta kitenge chake akasema, "Minye niko napita tu. Nilikuwa naenda ku muto." Mwingine akasema yeye hata nyumba hii haijui. Baba yangu akaangalia vidole vyake vya miguu kama vimeota leo. Nikasimama mimi. Nikasema, "Iko! Iko na kidonda, gusa uone!" Na nikataka kugusa ule mkono wa sindano ili wimbo uendelee na wao wasikie maneno mengine. Baba akanipiga kofi nikaanguka juu ya gunia. Akamwambia yule kijana, "Usimusikilize, mukubwa. Huyu kichwa yake si muzuri."

Kiongozi akazitoa sahani zote na kuzitandika chini, akawaambia wale watu, kama hamumjui huyu, basi kanyageni. Wakakanyaga. Tena hawakukanyaga kwa kusukumwa. Walikanyaga kwa bidii, ili waonekane. Mama Feza alikuwa wa kwanza, na alikuwa na mguu mwepesi kama kawaida. Mwenye Pua, Wawili, Bibi Rudi mwenyewe, wote wakawa vigae. Mjomba alitazama mpaka mwisho, kisha wakamfunga na kuondoka naye, na gramafoni juu ya kichwa chake mwenyewe. Mama yangu alitupa mwiko akawafuata akilia mpaka wakamrudisha kwa kitako cha bunduki. Mama hakuzungumza na baba tena isipokuwa mambo ya chakula.

Mjomba alirudi baada ya miezi, askari wa serikali walipouchukua mji wetu tena. Alikuwa mwembamba, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Alikaa kwetu majuma kadhaa, anasuka nyavu kwa vidole vilivyobaki.

Mjukuu wangu ana simu. Anaiambia simu, nipe wimbo, na simu inampa. Ukimaliza huo, simu yenyewe inamletea mwimbaji mwingine ambaye hajamwomba, eti kwa sababu jana alisikiliza mwenzake. Nikamwambia, nitafutie Bibi Rudi. Akatafuta, akasema hayupo. Nitafutie Mwenye Pua. Hayupo. Akanionea huruma, na mimi huruma yake iliniudhi. Ana nyimbo nyingi kuliko samaki wa ziwa hili, na hakuna hata mtu mmoja aliyezifuata barabarani kwa ajili yake, hakuna aliyelala juu ya pamba kuzileta, hana hata mtu wa kumsaliti. Ana bahati. Nami namwonea wivu, na pia sitaki kabisa kile alicho nacho. Sisi tulipata muziki kwa mtu, na tulipotakiwa kusema neno moja kwa ajili ya huyo mtu, tulikaa kimya, na watu hao hao waliendelea kuimba kanisani kwa sauti kubwa mpaka walipokufa na kuzikwa kwa heshima. Nimehudhuria mazishi yao yote. Sikulia hata kwa mmoja.

Jumapili moja ya majuma yale mjomba aliyokaa kwetu, baruti imeshanyamaza, walikuja. Naapa walikuja! Mama Feza na wengine, wamevaa vizuri, wametoka ibadani, wakajipanga uani. Mama Feza akasema, kwa ile sauti yake ya utani, "Kashindi ndugu yangu, nasikia kule Usumbura iko mwimbaji mupya, wanasema anamaliza watu. Utatuletea lini?"

Mjomba alikuwa anakunywa uji. Akaumaliza bila haraka, akampa mama kikombe, akamwambia asante dada. Akavaa shati lake. Akapita katikati yao, wakampisha wakicheka, na Mama Feza akampigapiga mgongoni, maana walidhani anakwenda kutafuta lori la Usumbura. Mimi nilimfuata mpaka barabarani. Akaniambia, "Rudi nyumbani, mama yako iko peke yake." Nikasimama. Hakwenda upande wa malori. Alishika ile njia ndogo ya milimani, ya kwenda Lemera, anatembea kawaida tu, bila mzigo wowote, na hakurudi tena.