Mti Tuliouita Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto, huko kwetu Misima, kulikuwa na mti wa dawa ambao kila mtu aliuita Mwenyewe. Bibi yangu alisema ukilitaja jina lake halisi kwa sauti, mti husikia na kuhama. Mchimbaji alitakiwa kuunong'oneza jina akiwa amepiga magoti, kisha ndipo auombe mzizi.

Mdogo wangu Shabani alikuwa na miaka mitatu aliposhikwa na homa, akaanza kukakamaa. Baba alikuwa mbali, na zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku. Bibi, kwa mguu wake mbovu, hakuweza kupanda kilima. Aliniita, akaninong'oneza lile jina.

"Liweke hapa," akanigusa kifuani. "Lisitoke mdomoni mpaka ufike."

Nilikuwa na miaka tisa, nikaogopa kusahau. Nikakimbia nikilirudia. Njiani nikakutana na Mzee Kibwana, jirani yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamung'unya nini, we binti? Meno ya utoto hayajaisha, umeshaanza uganga?"

Akacheka sana. Nikahisi jina linaniponyoka, nikalitamka kwa sauti zaidi.

Kilimani nilikuta mashimo matupu. Udongo ulikuwa bado mbichi, na majani yalikuwa yamelazwa na magunia yaliyoburutwa. Niliyaona hayo yote, lakini akili yangu iliniambia jambo moja tu: mti umenisikia, umehama. Nikachimba kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu.

Shabani tulimzika kesho yake. Bibi aliniuliza mara moja tu, "Ulilitaja?"

Nikasema hapana.

Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na mtoto aliyedanganya kwa woga sijawahi kumchapa.

Mwaka huu Zaina, niliyemfundisha darasa la pili, alinitembelea hapa Korogwe. Siku hizi yuko maabara. Huchukua kichipukizi kidogo kuliko punje ya mchele, hukisafisha, hukiotesha ndani ya chupa yenye jeli, na kikikubali hukigawa kuwa miche mingi. Alikuwa amechuma vichipukizi vya Mwenyewe kwenye kichaka kimoja kilichobaki ng'ambo ya Sindeni, katika malisho ya wafugaji.

"Kila ninayemuuliza ananiambia Mwenyewe, Mwenyewe," alisema. "Jina hawalijui, Mwalimu. Na kichaka chenyewe kimeshakauka."

Nikamtajia. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mgonjwa.

Tangu hapo chupa zake zimekuwa zikiingia ukungu moja baada ya nyingine. Jana alinipigia simu akilia. Imebaki moja, nayo imeanza kuwa nyeusi pembeni.

"Nimeuua mti, Mwalimu. Sijui nilikosea wapi."

"Hujauua, mwanangu," nilimwambia. "Ulifika wengine wameshaumaliza."

Alipokata simu nilibaki nimeishika. Maneno hayo hakuna aliyewahi kuniambia mimi. Naona sasa kwamba bibi hakuniuliza ili anihukumu. Alitaka nikiri, apate kunituliza, nami nikamfungia mlango. Alifariki akiwa amelibeba hilo neno lake, nami nimekuwa mzee nikilingoja.