Mguu Mezani kwa Daktari

Mtaani walimwita Koplo, na wengi walidhani ni jina la utani tu. Alikuwa fundi viatu, anakaa kibandani mgongo wima, sindano ya ngozi mkononi, miwani puani. Watu walimletea viatu miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba mguu wake wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ni wa mti na ngozi. Ule aliopewa na jeshi ulimchubua, akajichongea wake. Aliyewahi kumwona akiuvua ni mkewe peke yake.

Mwaka mmoja sheria ikabadilika. Askari aliyeumia vitani angetibiwa bure, na safari hii mkewe na watoto pia. Sharti lilikuwa moja tu: daktari wa bodi ya jeshi athibitishe upya ulemavu wake. Mkewe alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alishaanza kutia chumvi kwenye chai. Upasuaji wa macho, kwa pesa ya kushona soli, wasingeuweza.

Asubuhi ya kwenda, mkewe akamshika mkono mlangoni.

"Baba watoto, leo usinipigie gwaride."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto angenisikia."

Kwenye benchi la korido ya hospitali, mkewe kando yake, Koplo alijikunja, akajizoeza unyonge. Mara mlango ukafunguka na sauti ikaita namba yake ya jeshi. Haikuwa imeitwa kwa miaka ishirini na tisa. Mwili ulisikia kabla ya kichwa: akasimama wima, kushoto, kulia, akaingia, akabana visigino, akapiga saluti.

Daktari, mama wa makamo, alimtazama juu mpaka chini, kisha akatazama faili.

"Mzee, hapa wameandika mguu umekatwa. Wa nani?"

"Wangu."

"Mbona unatembea kunishinda mimi?" Kalamu yake ikaanza kushuka kuelekea neno *Hapana*.

Mkewe alikuwa amefika mlangoni, anapapasa ukuta. "Daktari, huyo kutembea anajua. Kuvua mguu ndiko asikokujua."

Koplo alikodolea macho kalenda ya ukutani. Vitani hakuwahi kuamriwa jambo zito kama hili. Akakaa, akakunja suruali, akafungua mikanda mitatu, taratibu, kisha akaulaza mguu mezani juu ya faili.

Daktari aliugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nani fundi wako?"

"Mwenyewe."

Daktari akaandika, akaandika tena, akagonga muhuri. Halafu akavuta fomu ya pili. "Haya, sasa tuje kwa mama. Macho, siyo?"

"Macho," mkewe akajibu. "Huo mguu wa sasa kauchonga mwaka jana, mimi nishaanza kuona ukungu. Kila siku ananisifia mshono. Nikifunguliwa bandeji nitaukagua mwenyewe, nijue kama ni kweli."

Koplo akacheka. Mguu ulikuwa bado mezani, na hakuwa na haraka ya kuuvaa.