Plasta ya Kalekye

Mhariri, jina langu usiliweke, na hata hilo la Kalekye nimelibuni. Lakini kosa si la kubuni, na ni langu peke yangu. Sikusukumwa na shetani wala na rafiki mbaya. Nilisukumwa na shaka, na shaka hiyo niliilea mwenyewe hadi ikawa na nguvu kunishinda.

Mimi ni muuguzi aliyesajiliwa. Ukinikuta wadini kwangu huku Makueni, na mkanda wangu kiunoni na beji kifuani, utaniamkia kwa heshima. Wagonjwa huniita Sista. Laiti wangejua!

Nilikulia Salama, kwenye barabara ya Mombasa. Wazazi wangu walihamia hapo kutoka Murang'a, wakafungua hoteli ndogo ya chai pale wanaposimama madereva wa malori. Mama alitufundisha jambo moja: mteja akianza kukusifu sana, angalia vijiko. Na kweli vijiko vilikuwa vikienda. Basi nikakua nikijua kwamba kila mtu mwema anataka kitu, na kazi yangu ni kugundua anataka nini kabla hajakichukua.

Miaka ya themanini nikaitwa kusomea uuguzi katika hospitali moja ya misheni, kusini mwa Kitui. Majirani walinipa mawaidha ambayo sikuyaomba. Usile kwa mtu. Usimwachie mtu nguo yako. Watu wa huko wana mambo. Niliyameza yote, nikayabeba pamoja na sanduku langu la bati.

Hosteli nikapangwa chumba kimoja na Kalekye, msichana wa karibu na Mutomo. Alikuwa mrefu, mtulivu, mpenda kuimba akifua nguo. Kila akienda kwao alirudi na muthokoi wa mama yake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye sufuria ndogo iliyofungwa kwa leso, na nusu ilikuwa yangu. Mimi nilishukuru, nikangoja atoke, nikaenda kuumwaga nyuma ya choo. Nilifanya hivyo kozi nzima. Akiniuliza kama ulikuwa mtamu, namwambia mwambie mama asante.

Jioni alipenda tuulizane maswali ya masomo. Nilimjibu nusu nusu. Nilidhani anapima ninachojua ili anipite.

Sasa nieleze kidogo kazi yetu, maana kosa langu limo humo. Muuguzi akienda kufunga kidonda, hupanga vitu vyake vyote kwenye toroli kwanza: koleo, pamba, dawa, bandeji, plasta, mkasi. Na mfuko wa karatasi wa kutupia uchafu huning'inizwa ubavuni mwa toroli. Ukishaosha mikono na kugusa kidonda, huruhusiwi tena kukimbia huku na huko ukitafuta ulichosahau. Walimu walitukaririsha hilo mpaka likatutoka puani.

Kalekye alikuwa hodari wa toroli. Mfuko wake wa karatasi aliukunja mdomo kwa nje mara mbili, ukasimama wazi kama kikombe. Sisi wengine tuliuning'iniza vivyo hivyo, ukijifunga shauri yako. Sista wa wadi alimsifu kwa hilo mbele yetu, nami nikanuna siku nzima.

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo, ule wa mwisho, ambao ukiupita unasajiliwa. Watahini walikuwa akina mama wawili kutoka Nairobi. Mgonjwa wangu alikuwa mzee mmoja muuza mbuzi kutoka Mutomo aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni. Alikuwa amekasirika kwa sababu ya kunyimwa ugoro. Toroli yangu na ya Kalekye zilisimama pamoja ukutani, hatua chache kutoka kitanda cha huyo mzee.

Nilikwenda kuficha nywele zangu zilizochomoza nje ya kofia. Niliporudi nilimkuta Kalekye akiinuka kutoka kwenye toroli yangu. Alinitabasamia, akaenda zake kuosha mikono.

Moyo ulinilipuka! Nikakagua haraka haraka. Koleo zipo, pamba ipo, dawa ipo. Sikuona kilichopungua, na hilo badala ya kunituliza ndilo lililoniwasha zaidi. Mwizi stadi haachi pengo, nilijiambia. Pengine amegusa pamba zangu kwa mkono mchafu. Pengine ameharibu dawa. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu tunalala chumba kimoja.

Nilitupa jicho kulia na kushoto. Nikachukua plasta kutoka rafu ya chini ya toroli yake, nikaitia mfukoni mwangu. Ngoja na wewe, nikasema moyoni.

Nikaitwa wa kwanza. Mikono ilitulia, nikashangaa mwenyewe. Nikaifungua bandeji ya zamani, ikaja na usaha wake, nikaishika kwa koleo na kugeuka ili niitupe. Papo hapo nikakumbuka kwamba sikuweka mfuko. Jamani, nilikuwa nimeusahau kabisa! Nimesimama na uchafu unaodondoka, mtahini ananitazama, na mkono wangu umeenda wenyewe ubavuni mwa toroli kwa mazoea tu.

Mfuko ulikuwepo. Mdomo wake ulikuwa umekunjwa kwa nje mara mbili.

Nilimaliza kazi. Mtahini akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika, nikaambiwa nitoke pembeni. Plasta ilikuwa mfukoni, naisikia pajani kila nikipiga hatua. Na kabla ya Kalekye kulikuwa na msichana mwingine, kwa hivyo nilikuwa na nafasi ya kuirudisha.

Sikiliza nilichofikiria, na kama unataka kunitukana, nitukane hapa. Nilifikiri: kusaidiana katika mtihani ni marufuku, na yeye anajua. Basi kwa nini amenisaidia? Anataka anishike. Siku moja ataniambia, wewe ulifaulu kwa mkono wangu. Tena nikionekana nikigusa toroli yake nitakuwa mimi mwenye hatia. Kwa hivyo nikaweka mikono nyuma, nikasimama.

Kalekye alifanya kazi nzuri kuliko sisi sote, hilo niliona. Akasafisha, akaweka dawa, akafunika kidonda vizuri, akanyoosha mkono kuchukua plasta. Akapapasa rafu. Akainama kuangalia.

"Niliiweka, Sista," akasema.

"Kama uliiweka, iko wapi?" mtahini akamuuliza.

Kalekye akanitazama mimi. Hakunitazama kwa lawama. Alinitazama kama mtu anavyomtazama shahidi wake, kwa maana asubuhi hiyo tulikuwa tumepanga toroli bega kwa bega, na nilimwona akiiweka plasta. Mimi nikatazama dirishani.

Kwa mkono uleule uliopapasa rafu, usio safi tena, akashika kitambaa cha kidonda kisianguke, na hapo wakamsimamisha.

Nilifaulu. Kalekye akaambiwa arudie sehemu hiyo baada ya miezi kadhaa. Ile plasta niliitupa nyuma ya choo, kule kule nilikomwagia muthokoi.

Kesho yake nilipokwenda kumfunga mzee wa mbuzi, aliuacha mguu wake mikononi mwangu, akaniangalia muda mrefu.

"Sista," akasema, "ile kitu ulitoa kwa gari ya huyo msichana wetu, ulirudisha?"

"Nilirudisha, mzee."

"Ni vizuri," akasema. "Kwa sababu yeye aliweka kwa yako. Mimi niliona."

Sikumfunga tena. Nilibadilishana vitanda na mwenzangu mpaka alipopewa ruhusa kwenda kwao. Na tangu siku hiyo, mgonjwa yeyote akisema ametoka Mutomo, huwa natafuta kwanza uso wa yule mzee.

Kalekye hakunishuku hata kidogo. Heri angenishuku! Alijishuku mwenyewe. Akaanza kuinuka mezani katikati ya chakula kwenda kuhakikisha kama alifunga kabati. Akimpa mgonjwa dawa, anarudi kuuliza kama amempa. Sista wa wadi akachoka naye. Siku moja alikaa kitandani kwake akaniambia maneno ambayo sijawahi kumaliza kuyasikia.

"Kichwa yangu inasema niliweka. Macho inasema sikuweka. Sasa siku nitapima dawa ya mtoto, nitaamini gani?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilimwambia apumzike, amechoka tu. Hakuungoja mtihani wa pili. Alifunga sanduku lake akarudi kwao, na akaniachia ile sufuria ndogo, eti nimkumbuke.

Mimi nikasajiliwa. Nikapanda cheo, nikapewa wadi. Lakini muulize yeyote aliyefanya kazi chini yangu. Kila kabati ya wadi ina kufuli na kila ufunguo ninao mimi. Binti mmoja mgeni kazini alinipangia toroli siku aliyoona nimelemewa, nikamfokea mbele ya wagonjwa mpaka akalia. Nilijua ninachofanya, na sikuweza kujizuia. Nilipolazwa kwa kufanyiwa upasuaji, wenzangu walinihudumia vizuri sana, kama mgonjwa yeyote. Hakuna aliyekaa kitandani kwangu akapiga gumzo. Nilikuwa nimewafukuza wote mmoja mmoja bila kuwaambia watoke.

Miezi michache iliyopita nilishuka Kambu kununua ndengu. Mama mwenye duka akanipokea kwa kelele za furaha, akanikumbatia. Alikuwa Kalekye.

Akaita binti yake aje anisalimie. "Huyu ni rafiki yangu tulisoma na yeye," akamwambia. "Yeye ni sista kabisa. Mimi kichwa ilikataa."

Akanipimia ndengu. Akazimwaga, akazipima tena. Akafunga mfuko wa gazeti, akaufungua kuchungulia ndani, akaufunga. Akanirudishia chenji, kisha akanishika mkono akaniuliza kama amenirudishia. Nikamwambia ndiyo. Akacheka.

"Unajua mimi nasahau," akasema.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua! Kisha akaniongezea machungwa bure, kikapu kizima, na mdomo wangu ukajifunga. Nikaanza kujiuliza: anajua? Yule mzee alimwambia? Kwa nini ananipa kitu bure, baada ya miaka yote hii?

Nilipofika mbele kidogo ya Kambu niliyamwaga machungwa kando ya barabara. Yalikuwa mazuri, yameiva. Watoto wachunga mbuzi waliyakimbilia, wakayamenya hapo hapo kwa meno, na hakuna aliyeanguka. Niliwatazama wakila nikalia, mtu mzima na mkanda wangu wa usista.

Nyinyi mnaosomea kazi hii, na nyinyi mnaosomea kazi nyingine yoyote, nawasihi. Mtu akikutendea wema ambao huuelewi, usikimbilie kuutafutia ubaya. Muulize. Swali moja lingetosha: ulikuwa unafanya nini kwenye toroli yangu? Angenijibu, tungecheka, na leo Makueni na Kitui zingekuwa na masista wawili. Mimi nilinyamaza nikajijibu mwenyewe. Cheo nilikipata, na sina mtu wa kula naye.

Nimeandikia gazeti kwa sababu usoni pake nimeshindwa, na najua duka lile hufungia ndengu kwa magazeti. Huenda ukurasa huu ukamfikia.

Kalekye, jina si lako, lakini mfuko uliokunjwa mdomo mara mbili unaujua. Kichwa chako hakina kasoro na hakijawahi kuwa nayo. Uliiweka. Rafu ya chini, upande wa kulia, kando ya mkasi. Nilikuona ukiiweka.