Kura ya Mama wa Ubatizo

Mgombea wetu wa uenyekiti wa kijiji hakuwa na sera. Alikuwa na sauti. Aliimba besi kwenye kwaya tangu ujana wake, na kila mkutano wa kampeni aliufungua kwa kunguruma, "Tumsifu Yesu Kristu." Sisi tukaitika, "Milele, amina," maana mtu wa kwetu hata ukimwamsha usingizini ukamwambia hivyo ataitika. Yeye akawa anaondoka ameridhika, akidhani kila amina ni kura.

Kijiji chenyewe sikitaji. Kiko upande wa kuelekea Ifakara, milima ya Udzungwa mgongoni na mbuga za mpunga mbele, na wahusika karibu wote bado wanasali kanisa moja na mama yangu. Mimi nashona nguo mjini Ifakara, nyumbani nakwenda mwisho wa wiki, na ni Mkatoliki wa Noeli, Pasaka na misiba. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia utakatifu humu.

Mgombea huyo alikuwa anatetea kiti chake. Katika miaka yake ya kwanza, jambo kubwa alilofanya ni kuwaondoa akina mama mbugani. Wengi walikuwa wajane wenye vishamba vidogo, wamelima mpunga pale tangu mimi sijazaliwa. Akatangaza kwamba eneo limepata mwekezaji. Tukamngoja huyo mwekezaji kwa hamu, wengine wakisema ni mzungu, wengine tajiri wa Dar. Akashuka shemeji yake, kaka wa mkewe, na trekta moja linalotoa moshi kuliko kazi. Kipande cha mama yangu kikalimwa na trekta hilo. Mama akaanza kununua mchele dukani, na kwa mwanamke wa Kipogoro aliyekulia kwenye mpunga hiyo ni aibu, ingawa hakumwambia mtu. Mgombea huyu akirudi madarakani, mama asingelima tena pale mpaka anaingia kaburini.

Ungedhani basi kura ya mama imeshajulikana. Lakini mgombea alikuwa mtoto wake wa ubatizo.

Kwa wasiojua: kichanga hakiwezi kumjibu padre, kwa hiyo msimamizi hukijibia. Mama akiwa bado msichana ndiye aliyembeba huyo mpaka kwenye kisima cha ubatizo. Padre akauliza kama anamkataa Shetani, na mama akajibu kwa niaba yake, "Namkataa." Akaahidi pia kumsaidia akue katika imani. Mimi nilimwambia kwamba ahadi ile ilihusu Shetani, haikuhusu serikali za mitaa. Mama akaniambia nisilete mkasi wangu kwenye sakramenti. Alikuwa hali vizuri wala halali. Akimnyima kura, alisema, atakuwa amemkana mtoto aliyemshika mbele ya Mungu. Akimpa, atakuwa amewauza wenzake aliopalilia nao.

Mpinzani alikuwa mama muuza samaki, Mwislamu, mtu wa maneno machache isipokuwa ukimpunja. Ndiye pekee aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza ni lini wanakijiji walikaa wakakubali trekta lile. Hakujibiwa, ila alionekana mkorofi. Katekista akawa anapita nyumba kwa nyumba akinong'ona kwamba tukimchagua yule mwanamke, kengele ya kanisa itanyamazishwa. Kengele yetu ni rimu ya lori inayogongwa kwa nondo alfajiri. Kusema kweli, mimi nilimpenda muuza samaki huyo zaidi baada ya kusikia hilo.

Paroko alijaribu kutuliza mambo. Jumapili moja alisema Kanisa halina mgombea, kila mmoja apige kura kwa kufuata dhamiri. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti huyo Dhamiri ni mtoto wa nani, mbona hajaona bango lake. Benchi zima lilicheka, mama hakucheka. Baada ya misa alimfuata paroko akamuuliza waziwazi kama atatenda dhambi. Paroko akamjibu kwamba kuuza kura ni dhambi, lakini kumnyima mtu kura si dhambi, aamue mwenyewe. Mama alirudi nyumbani amenuna. Alitaka aambiwe la kufanya, na ikibidi apewe kitubio chake kabisa, na badala yake amerudishiwa mzigo aliokwenda kuutua.

Uwanja wa kampeni hasa ulikuwa jumuiya. Huku kwetu Wakatoliki hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, wanasoma Injili, halafu kila mwenye nia ya kuombea anaitoa na wote wanaitika, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Kipindi kile nia ziligeuka mikutano ya hadhara. Mmoja angewaombea viongozi wanaomjua Kristu, na upande wa katekista ungeitika mpaka kuku wakimbie. Mwingine angewaombea wajane walionyang'anywa mashamba, na upande wa akina mama ungeitika mpaka bati litikisike. Mungu sijui alikuwa anahesabu za upande upi.

Wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Mgombea akaja, ingawa ile haikuwa jumuiya yake. Alileta kalenda yenye Familia Takatifu juu na picha yake mwenyewe chini, akamkabidhi mama kwa mikono miwili na shikamoo ndefu. Mama akaitika marahaba, akaiweka kalenda juu ya kabati, kifudifudi. Zilipofika nia, mgombea alisimama akajiombea mwenyewe. Alimshukuru Mungu kwa mama aliyemshika siku ya ubatizo, akasema anajua mama mzazi wa imani hawezi kumtupa mwanawe. Kiitikio kilikuwa hafifu. Watu wote walikuwa wanamtazama mama.

Mama akainuka taratibu akishika magoti. Namjua, akiinuka hivyo kuna mtu atajuta.

"Mwanangu," alisema, "siku ile nilikujibia kwa sababu ulikuwa hujui kusema. Sasa unajua. Unamkataa Shetani?"

Mgombea akatabasamu. Aliona mambo yamemnyookea. "Namkataa, mama."

"Na mambo yake yote?"

"Nayakataa."

"Na fahari zake zote?"

"Nazikataa."

"Na trekta la shemeji yako?"

Akakohoa. Akarekebisha kola ambayo haikuwa na tatizo. Halafu akasema kwa sauti ya ofisini, "Mama, hilo ni suala la halmashauri ya kijiji."

Katekista, ambaye masikio yake yameanza kuchoka, akadhani nia imekwisha. "Tumwombe Bwana," akasema. Nyumba nzima tukaitika kwa nguvu, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," na hata wapambe wa mgombea walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko. Mimi nilitoka nje nikacheka nimejishikiza kwenye ukuta wa jiko.

Niliporudi, wageni wakiwa wameondoka, nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka analia. Nikamwambia amefanya vizuri, kijiji kizima kitamsifu. Akasema, "Nimemvua nguo mtoto wangu mbele ya watu, na wewe unacheka." Niliona haya, nikaanza kukusanya vikombe.

Siku ya kura alivaa kitenge chake cha misa, akaenda, akarudi, akaendelea kuchambua mboga. Sikumuuliza na hakunieleza. Jioni matokeo yakabandikwa: muuza samaki ameshinda, kwa kura chache lakini ameshinda. Leo hii akina mama wamerudi mbugani, na mama ana mpunga wake, baada ya vikao na matusi ambayo siwezi kuyamaliza hapa. Siku ile hatukujua itakuwa hivyo. Vijana walipita barabarani wakiimba, nami nikatoka kuungana nao. Mama akaniita nirudi nikamkamate jogoo.

Alimchinjisha, akampika, akapakua na wali, akafunga yote kwa kitambaa na kunitwisha. Tulimkuta mgombea amekaa barazani kwake peke yake. Wapambe waliokuwa wanashinda pale wakila hakubaki hata mmoja, katekista alikuwa ameugua ghafla, na shemeji inasemekana alishakwenda kuulizia mashamba kijiji kingine. Mgombea akasimama haraka kumpa mama kiti. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze nilimwonea huruma.

Mama alimmiminia maji akanawa. Akamfunulia chakula. Yeye akakitazama bila kukigusa, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, kura yako ulimpa nani?"

Nilimwomba Mungu mama adanganye. Kura ni siri, hata serikali inasema hivyo, na uongo mdogo pale usingemdhuru mtu.

Mama akamsogezea sahani. "Nilimpa yule Mwislamu," alisema. "Sasa kula."